Majaribio ya dawa yanayobadili gia angani: ni sayansi au ni kupika matokeo?

Bahasha Nyeupe (mleta uzi):

Wakuu, heshima kwenu.

Wiki iliyopita kuna mdau alitamka humu kwamba jaribio la dawa likishaguswa katikati, matokeo yake ni ya kupikwa. Nikaanza kumjibu palepale, jibu likazidi urefu wa uzi wenyewe. Nimelihamishia huku.

Nijitambulishe kwanza. Ni miaka tisa sasa natunza mafaili na data za majaribio ya kitabibu. Mimi si daktari wala mtaalamu wa takwimu, ni yule mtu anayeshika funguo za kabati. Jina langu la humu linatokana na jaribio langu la kwanza. Mgonjwa akikubali kushiriki, ulikuwa unachukua bahasha inayofuata kwa namba, unaifungua, ndani unakuta karatasi moja: dawa mpya, au matibabu ya kawaida. Hakuna kuchagua. Siku moja nikamkuta mwenzetu kainyanyua bahasha mbele ya taa, kafumba jicho moja, anachungulia. Alikuwa na mgonjwa hali mbaya, amemhurumia, anataka ahakikishe anaangukia upande wa dawa mpya. Roho nzuri tu. Lakini wakifanya hivyo watatu wanne, wagonjwa mahututi wote wanarundikana upande mmoja, na dawa nzuri inaonekana inaua watu. Tangu siku ile bahasha zikawekewa karatasi nyeusi ndani.

Zile bahasha zimetoka mbali. Jaribio la streptomaisini dhidi ya kifua kikuu, lililochapishwa Uingereza mwaka 1948, lilikuwa na wagonjwa 107. Dawa ilikuwa haba, haiwatoshi wote. Wagonjwa 55 walipewa dawa pamoja na mapumziko ya kitandani, 52 mapumziko peke yake, na mgao ulikuwa umefungwa kwenye bahasha. Mtaalamu wa takwimu Austin Bradford Hill ndiye aliyeusuka mpango ule. Miezi sita baadaye walikuwa wamefariki 4 upande wa dawa na 14 upande wa pili.

Muundo huo ndio tuliourithi: makundi mawili, idadi ya watu inapangwa mwanzoni, mnasubiri hadi mwisho, mnafungua, mnahesabu. Ni mzuri na mpaka kesho utatumika. Ubaya wake ni ukiziwi. Dawa ikiwa hovyo, utaigawa hadi mtu wa mwisho. Ikiwa ya maana, utaendelea kuwanyima nusu ya watu hadi mtu wa mwisho. Na ukiwa na dawa tano za kujaribu utaanzisha majaribio matano, kila moja na kundi lake la kulinganishia, fomu zake na vikao vyake. Nimeona jaribio likifungwa baada ya miaka mitano kwa sababu tu hawakupatikana washiriki wa kutosha. Hakuna jibu, hakuna dawa, na waliojitolea wamejitolea bure.

Miundo mipya inajaribu kulitoa jaribio kwenye ukiziwi huo. Inachungulia data njiani, inafunga kundi lililofeli, inaingiza dawa mpya wakati jaribio linaendelea. Kwa mtu wa nje ni kubadili gia angani kabisa. Msimamo wangu ni huu: kubadilika si tatizo, tatizo ni kubadilika ambako hakukuandikwa kabla.

Karibuni tuendelee.

Mchokonozi:

Nimeweka kambi. Ila mkuu, hapo kwenye "kuchungulia data njiani" ndipo mwizi anapopitia. Mwenye dawa anachungulia leo, namba hazijakaa vizuri, anasubiri. Anachungulia mwezi ujao, bado. Siku namba zikimpendeza anapiga filimbi, mpira umekwisha, tumeshinda. Hapo nani kapona zaidi ya mfuko wake?

Hesabu Kali:

Mchokonozi yuko sahihi, na wizi wake unapimika.

Kwa kawaida tunakubali hatari ya 5 kwa 100 ya kudanganywa na bahati, yaani dawa ni maji matupu lakini namba zinasema inatibu. Hiyo 5 ni kwa mtu anayeangalia mara moja tu, mwishoni. Ukiangalia mara mbili kwa kipimo kilekile, hatari inapanda hadi karibu 8. Mara tano, 14. Mara kumi, 19. Hujaghushi namba hata moja, umechungulia tu na kusimama pale palipokufurahisha.

Dawa ya ugonjwa huu ipo tangu miaka ya sabini. Ile 5 unaichukulia kama hela ya matumizi ya mwezi. Ukitaka kuangalia mara tano, unaigawa kabla jaribio halijaanza, na mara za mwanzo unatoa senti kidogo sana. Wanatakwimu O'Brien na Fleming walipendekeza mgao wa aina hiyo mwaka 1979: ukichungulia mapema, tofauti inatakiwa iwe kubwa mno ndipo uruhusiwe kusimamisha. Kadiri unavyokaribia mwisho masharti yanalegea. Ukijumlisha yote, hatari inabaki 5.

Bahasha Nyeupe:

Asante Hesabu Kali. Niongeze moja kwa Mchokonozi: anayechungulia si mwenye dawa. Ni kamati huru ya kufuatilia usalama na data, watu wasio na hisa wala cheo kwenye jaribio. Mimi natunza data lakini sioni jumla ya kundi A dhidi ya kundi B. Mtafiti mkuu haoni. Mdhamini haoni. Kamati ikimaliza kikao inatuletea neno moja tu: endeleeni, au simamisheni. Nimewahi kukaa nje ya mlango wa kikao kama kile saa tatu nzima na makabrasha mapajani, nasoma nyuso za wanaotoka kwenda msalani. Hukuti kitu.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni jaribio la PALM la Ebola, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Lilianza Novemba 2018 katikati ya mlipuko, na Profesa Jean-Jacques Muyembe akiwa mmoja wa viongozi wake. Mwanzoni zilikuwa dawa tatu: ZMapp, ambayo ndiyo ilikuwa ya kulinganishia, remdesiviri na mAb114. Baadaye itifaki, yaani mpango ulioandikwa wa jaribio, ikaongezewa ya nne, REGN-EB3. Agosti 2019 kamati huru ikachungulia kwa ratiba yake na kusema: wapya wote wapewe mAb114 au REGN-EB3 tu, zile mbili zingine basi. Hawakungoja idadi yote iliyopangwa itimie.

Hesabu za mwisho, vifo ndani ya siku 28: remdesiviri asilimia 53.1, ZMapp 49.7, mAb114 35.1, REGN-EB3 33.5. Kila wiki ambayo jaribio kiziwi lingeendelea, nusu ya wagonjwa wapya wangekuwa wanapewa zile mbili zenye vifo vingi.

Sasa tazameni kitu kidogo ambacho wengi hukiruka. REGN-EB3 iliingia kwa kuchelewa. Je, unaweza kuilinganisha na wagonjwa wote wa ZMapp, wakiwemo wale wa miezi kabla haijaingia? Hapana. Mlipuko unabadilika. Mwanzoni huenda watu wanachelewa kufika kituoni, baadaye wanawahi. Wauguzi wanazoea kazi, maji ya mishipa yanapatikana kwa wakati. Ukiwachanganya wa zamani na wapya, dawa iliyochelewa kuingia inaweza kupata sifa ambazo ni za wauguzi. Kwa hiyo REGN-EB3 ililinganishwa na wale wa ZMapp walioingia tangu siku yenyewe ilipoongezwa, na vifo vya kundi hilo dogo vilikuwa asilimia 51.3, si 49.7. Namba inakaribiana, lakini kanuni ni kanuni. Nikisoma ripoti ya jaribio lililoongeza dawa njiani, hicho ndicho ninachokitafuta kwanza: mmelinganisha na nani, wa lini?

Dokta wa Zamu:

Mimi nilikuwa wodini wakati wa korona, na nakiri tulitibu kwa uvumi. Asubuhi inatumwa karatasi kwenye simu, mchana dawa imeshaanza kugawiwa. Haidroksiklorokwini ilikwenda kama karanga.

Kilichonitoa tongotongo ni RECOVERY ya Uingereza. Hili ndilo wanaita jaribio la jukwaa: jukwaa ni moja, wachezaji wanapanda na kushuka. Kundi la matibabu ya kawaida ni moja, na dawa kadhaa kwa wakati mmoja zinalinganishwa nalo. Jibu la dawa likishapatikana, inashuka, nyingine inapanda, jukwaa halivunjwi. Mgonjwa wa kwanza aliingia Machi 2020, na mwezi mmoja tu wa Juni 2020 ukatoa majibu matatu: haidroksiklorokwini haisaidii, lopinaviri na ritonaviri hazisaidii, deksamethasoni inaokoa.

Deksamethasoni yenyewe ni dawa ya zamani, ya bei rahisi, ipo kila kabati. Wagonjwa 2,104 walipewa dawa hiyo, 4,321 wakabaki na matibabu ya kawaida. Kwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, vifo vilishuka kutoka asilimia 41.4 hadi 29.3. Kwa waliokuwa kwenye oksijeni tu, kutoka 26.2 hadi 23.3. Kwa wasiohitaji oksijeni hakukuwa na faida, na namba ziliegemea upande wa madhara. Hapo pa mwisho ndipo nilipojiinamia, maana nilishawaandikia wengi wa aina hiyo.

Kilichoiwezesha RECOVERY si teknolojia ya ajabu. Ni fomu fupi. Walichotaka kujua zaidi ni kama mgonjwa yuko hai siku ya 28. Majaribio mengi niliyoshiriki yalitaka kurasa 60 za fomu kwa mgonjwa mmoja, robo tatu yake hakuna aliyekuja kuisoma.

Bahasha Nyeupe:

Dokta, hizo kurasa 60 nani alizitunza? Usinikumbushe.

Mama Wawili:

Samahanini wataalamu, mimi ni mzazi tu. Kama mnaona njiani dawa moja inashinda, kwa nini msipunguze taratibu wanaopewa ile nyingine? Wa kwanza nusu kwa nusu, halafu wengi kwa wachache. Si ndiyo ubinadamu?

Hesabu Kali:

Mama, swali lako limewagombanisha watu wa fani yangu kwa miaka hamsini. Muundo huo upo, na ulikwishafanyiwa jaribio lililoacha kidonda.

Mwaka 1985, Chuo Kikuu cha Michigan, Bartlett na wenzake walijaribu mashine inayofanya kazi ya mapafu nje ya mwili, kwa vichanga ambao mapafu yao yamegoma. Hawakutaka kugawa nusu kwa nusu. Chukulia chungu chenye gololi mbili, nyekundu ya mashine na nyeupe ya matibabu ya kawaida. Unachota bila kuangalia. Mtoto akipona kwa mashine, unaongeza gololi nyekundu. Akifa kwa matibabu ya kawaida, unaongeza nyekundu vilevile. Chungu kinajaa rangi ya mshindi.

Mtoto wa kwanza alichotewa nyekundu, akapona. Wa pili nyeupe, akafa. Kuanzia hapo wote nyekundu, wote wakapona. Jumla watoto 12: 11 kwenye mashine, wazima; mmoja tu kwenye matibabu ya kawaida, marehemu.

Sasa niambie, mama, umeshawishika? Upande mmoja wa mizani kuna mtoto mmoja. Huenda alikuwa mgonjwa kuliko wenzake wote. Waliompenda Bartlett walisema inatosha, waliompinga walisema hakuna jaribio hapo. Likafanyika lingine Marekani, nalo likabishiwa. Mwisho Waingereza wakagawa kwa njia ya kawaida watoto 185, matokeo yakachapishwa 1996: walifariki 30 kati ya 93 wa mashine, na 54 kati ya 92 wa matibabu ya kawaida. Mashine kweli inaokoa. Lakini tazama gharama: kwa kuwa watoto 12 wa mwanzo hawakumaliza ubishi, baadaye watoto 92 wamewekwa kwenye matibabu dhaifu ili kuumaliza.

Siupingi muundo huo moja kwa moja. Dawa zikiwa nyingi kwa pamoja, unasaidia kupalilia. Jaribio la I-SPY 2 la saratani ya matiti wameutumia tangu 2010. Kwa makundi mawili tu, mimi nachagua nusu kwa nusu na kuchungulia kwa ratiba.

Mama Wawili:

Nimeelewa, na imeniuma.

Mchokonozi:

Hapo nimenyoosha mikono. Ila kuna hili la saratani, siku hizi nasikia dawa moja inajaribiwa kwa saratani ya mapafu, ya utumbo na ya ngozi kwa mpigo. Si ndiyo kurusha nyavu hadi uvue kitu?

Dokta wa Zamu:

Hilo ni jaribio la kapu. Badala ya kuuliza uvimbe uko kiungo gani, unauliza una hitilafu gani ya jeni, halafu wote wenye hitilafu hiyo unawatia kapu moja. Kinyume chake ni mwavuli: kiungo kimoja, tuseme mapafu, wagonjwa wanagawanywa chini ya dawa tofauti kulingana na jeni zao.

Kapu lina mantiki, ila mwili una ubishi wake. Vemurafenibu ilikuwa imefanya maajabu kwa saratani ya ngozi yenye hitilafu iitwayo BRAF V600. Wakaitia kapuni na saratani zingine zenye hitilafu ileile, matokeo yakatoka 2015. Kwa mapafu, uvimbe ulisinyaa kwa asilimia 42 ya wagonjwa. Kwa utumbo mpana, walipopewa dawa hiyo peke yake, hakuna hata mmoja. Hitilafu ni ileile, dawa ni ileile. Sababu ni kwamba seli za utumbo zikifungiwa mlango huo zinafungua wa pembeni, kipokezi kiitwacho EGFR, na kuendelea kukua. Ndiyo maana leo wa utumbo hupewa dawa mbili, ya kuziba milango yote miwili. Kwa hiyo hata lilipofeli kapu lilifundisha kitu, mradi kila kundi lihesabiwe lenyewe pia.

Hesabu Kali:

"Mradi" hiyo ni nzito, Dokta. Ukikata wagonjwa vipande vipande, kipande kimoja lazima kitakupa kichekesho.

Jaribio liitwalo ISIS-2, la mwaka 1988, lilikuwa na wagonjwa 17,187 wa mshtuko wa moyo. Nalo lilikuwa na ubunifu wake: maswali mawili kwa jaribio moja. Wengine aspirini, wengine streptokinesi (dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda), wengine zote, wengine hakuna. Zote mbili ziliokoa maisha. Wakati wa kuchapisha wakatakiwa waonyeshe matokeo kwa vikundi vidogo. Wakaonyesha, wakaongeza na cha kwao: nyota za kuzaliwa. Ikatokea kwamba kwa wenye nyota ya Mapacha na Mizani, aspirini ilielekea kuwadhuru kidogo! Waliweka makusudi ili msomaji aone upuuzi wa kukatakata.

Mchokonozi:

Mimi ni Mizani jamani. Aspirini basi tena.

Mama Wawili:

Swali la mwisho, nisamehewe. Mtu kasaini kushiriki jaribio la dawa nne. Katikati mnafunga mbili na kuongeza moja. Yule aliyesaini si amesaini kitu kingine?

Bahasha Nyeupe:

Anarudiwa, mama. Fomu mpya ya ridhaa inapita kwanza kamati ya maadili, halafu tunakwenda kwa kila mshiriki anayeguswa na mabadiliko. Ana haki ya kukataa na matibabu yake hayaguswi.

Nimeifanya kazi hiyo. Lilikuwa jaribio la makundi kadhaa, kamati huru ikafunga moja kwa sababu dawa haikufikia kiwango kilichopangwa. Hakuna aliyedhurika, ilikuwa haifui dafu tu. Nikapewa orodha ya watu wa kundi hilo nimsindikize muuguzi. Kitanda cha pili alikuwepo mzee mmoja ambaye tangu siku ya kwanza hakuniamini.

Akanisikiliza hadi mwisho. Akauliza, "Kwa hiyo ya kwangu ndiyo iliyoshindwa?"

Nikamwambia, "Ndiyo, mzee wangu."

"Na mlijua tangu lini?"

"Tumeambiwa jana jioni."

Akakaa kimya. Halafu akasema anataka kuiona ile karatasi aliyosaini mwanzo, si hii mpya. Nikashuka kabatini, nikaitoa, nikampelekea. Akavaa miwani, akaisoma kurasa zote, muuguzi kasimama, mimi nimesimama. Ukurasa wa tatu kulikuwa na aya inayosema kundi lolote linaweza kufungwa kabla ya mwisho, na kutaja ni nani atakayeamua na kwa kipimo gani. Akaweka kidole pale, akairudia kwa sauti ndogo.

"Kumbe mliandika," akasema. Akanyoosha mkono, akaomba kalamu.